Kioo cha laptopu kimepasuka Busia, fundi anataka shilingi 450,000 za Uganda: nitengeneze au ninunue nyingine?

Swali lenyewe limekuja hivi, nimelifupisha kidogo tu:

"Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Busia upande wa Uganda. Wiki jana nilifunga laptopu yangu, HP ya inchi 15 na kitu, kumbe kalamu ilikuwa bado juu ya kibodi. Kufungua, kioo kimepasuka kona ya chini, kuna doa jeusi kama wino linaendelea kutambaa, na nusu ya skrini ni mistari mitupu. Inawaka vizuri na mlio wa Windows nausikia. Fundi wa kwanza kaniambia 450,000. Wa pili anasema ataziba ufa na ile gundi ya vioo vya simu kwa 60,000. Laptopu yenyewe nilinunua iliyotumika kwa 850,000. Nitengeneze au nitafute nyingine? Na mtu kama mimi naweza kubadilisha mwenyewe? Marki za wanafunzi ziko mle ndani na muhula unaisha."

Mwalimu, pole sana. Kalamu imewaliza wengi, hauko peke yako, kalamu na earphone ndo zinatupa sisi mafundi chakula kuliko hata watoto wanaokanyaga laptopu kitandani. Ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana hili swali naulizwa kila wiki na watu wanaliwa hela pale pale kila siku.

Naanza na huyo wa 60,000 kwa sababu ndo anayenikera. Huyo mwache. Simsemi kwamba ni mwizi, pengine anaamini kweli anachosema, lakini kazi anayoijua ni ya simu na laptopu yako si simu. Simu ina kioo cha juu ambacho ni kifuniko tu, kikipasuka kile na picha iko sawa chini yake basi kuna mambo mtu anaweza kufanya na gundi na taa yake. Laptopu nyingi zisizo za tachi (skrini ya kugusa kwa kidole) hazina hicho kioo cha juu kabisa. Ile unayoigusa kwa kidole ni ngozi ya plastiki, na chini yake moja kwa moja ndo kuna picha yenyewe: vioo viwili vyembamba, kimoja hakifiki milimita moja, vimebanwa pamoja na katikati yake kuna majimaji fulani ambayo yanapinda mwanga, na nyuma kabisa kuna taa. Sasa juu ya hivyo vioo kuna waya nyembamba mno ambazo macho hayazioni. Kama skrini yako ni ile ya kawaida ya 1366 kwa 768, yaani idadi ya nukta za picha kwa upana na kwa urefu, kila nukta ina rangi tatu, kwa hiyo piga hesabu, 1366 mara 3, ni waya za wima zaidi ya 4,000 zinazoshuka kwenye hicho kioo. Ufa ukipita hapo unakata waya, ndo maana unaona mistari. Na hilo doa jeusi ni pale yale majimaji yalipohama sehemu yake, ukiendelea kubonyeza au kufungua funga linazidi kutambaa. Hakuna gundi duniani inayounganisha waya 4,000 tena. Atakachofanya ni kupaka, kitang'aa kidogo, utalipa, na mistari itabaki pale pale inakutazama.

Na wale wa dawa ya meno na vaselini uliowaona kwenye intaneti, hizo ni za mikwaruzo ya juu, na hata kwa mikwaruzo mi sizipendi. Ufa ni ufa. Kioo cha laptopu kikipasuka kinabadilishwa, basi, swali linalobaki ni kwa bei gani na nani.

Lakini kabla ya bei, toa marki zako leo. Usingoje fundi. Nyumbani au kwa jirani si kuna tv bapa? Chomoa ule waya wa HDMI kwenye dekoda, upande mmoja uache kwenye tv, mwingine chomeka ubavuni mwa laptopu, halafu chukua rimoti ubadilishe tv ije kwenye hiyo HDMI. Picha isipokuja yenyewe, shikilia kitufe cha Windows huku unagusa P mara moja, subiri kama sekunde tano, gusa P tena, endelea hivyo mpaka tv ionyeshe. Kama laptopu yako ni ya zamani na ina ile soketi ya bluu yenye vitobo vingi, hiyo ni VGA, nenda na laptopu ofisini kwa shule kwa karani, monita ya VGA haikosi. Ukishaona desktopu yako kwenye tv, kopi kila kitu kwenye flashi na kingine ujitumie kwenye barua pepe. Flashi peke yake siiamini, nimeona zikifa wiki hiyo hiyo.

Hiyo kazi ya tv inakupa na kitu kingine muhimu, ni kipimo. Kama picha kwenye tv ni safi kabisa, haina mistari wala kuruka ruka, basi madabodi (ile bodi kuu ya laptopu) na sehemu ya picha ni nzima na tatizo liko kwenye kioo au waya wake. Kama mistari inaonekana hadi kwenye tv, simama hapo hapo, usinunue kioo, utaweka kipya na mistari itarudi kama ilivyo. Kwa maelezo yako ya kalamu sitegemei hilo, lakini dakika kumi za kupima ni bure. Kuna wengine wataisoma hii ambao skrini yao haina ufa ila ni nyeusi tu: nyie washeni laptopu, zimeni taa ya chumba, chukueni tochi ya simu mmulike kioo kwa karibu kwa pembeni. Ukiona picha imefifia mle ndani kama kivuli, kioo kinafanya kazi, kilichokufa ni taa ya nyuma au njia ya umeme wake, pengine ni waya tu uliochoka pale kwenye bawaba. Na wenye Dell, zima kabisa, shikilia herufi D halafu washa huku bado umeishikilia, skrini itaanza kubadili rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Rangi zikija safi, kioo ni kizima, tafuta tatizo kwingine.

Sasa bei. Mwalimu, hiyo 450,000 siwezi kukwambia ni ghali au ni sawa mpaka nijue ni kioo gani, na nina wasiwasi hata aliyekutajia hajui, kama hakufungua fremu akatazama nyuma. Hapa ndo pesa za watu zinapotelea. Mtu anaenda dukani anasema "nataka skrini ya HP inchi 15", anapewa, anafika nyumbani haiingii au inaingia haiwaki, kurudisha ni vita. Jina la laptopu halitoshi. Modeli ile ile moja, kiwanda kinaweka kioo cha kampuni hii leo na cha kampuni nyingine kesho, na soketi zinaweza kutofautiana. Kinachotosha ni stika iliyo mgongoni kwa paneli, yaani kioo chenyewe. Hiyo ndo kitambulisho.

Kwenye stika utaona maandishi mengi, misimbo ya mistari, namba ndefu, usiogope. Unatafuta neno linalofanana na haya: NT156WHM, au N156BGA, au B156XTN, au LP156WHU. Hizo ni za kampuni nne tofauti, BOE, Innolux, AUO na LG, na zote hizo ni kioo cha inchi 15.6 cha 1366 kwa 768. Angalia tarakimu tatu za katikati, 156 maana yake 15.6, ukikuta 140 ni inchi 14, 133 ni 13.3, 116 ni vile vidogo. Ukikuta NV156FHM, B156HAN, N156HCA au LP156WF, hapo una kioo cha 1920 kwa 1080, kizuri zaidi, na bei yake iko juu. Uzuri ni kwamba si lazima upate kampuni ile ile. Kioo cha BOE kinakaa vizuri mahali pa cha AUO, mradi mambo haya yafanane: ukubwa, idadi ya nukta, idadi ya pini kwenye soketi, soketi iko upande gani, na masikio.

Pini: laptopu nyingi za miaka kama kumi hii zina soketi nyembamba ya pini 30. Za zamani zaidi zina pini 40, pana, na umeme na ishara zake ni tofauti kabisa, hiyo 30 na hiyo 40 haziingiliani kwa namna yoyote, usidanganywe na mtu wa adapta. Kisha kuna pini 40 nyingine za kisasa kwenye skrini za tachi na za gemu, nazo si zile za zamani. Masikio ni vile vibati vya skrubu: kioo kingine kina vibati viwili juu na viwili chini, kingine kina vya pembeni, na vipya vyembamba havina kabisa, vimebandikwa kwa gundi ya mkanda. Kioo cha 15.6 chenye vibati ni kirefu kwa karibu sentimita moja kuliko kisicho navyo, kwa hiyo ukikosea hapo kifuniko hakifungi. Nimeona mtu akikata vibati kwa koleo ili kiingie. Kiliingia, na kilipasuka.

Haya, nikirudi kwenye hela. Mimi niko Kampala na mara za mwisho nilizonunua, kioo kipya cha 15.6 cha 1366, pini 30, kisicho cha tachi, nilikichukua kati ya 200,000 na 260,000 kutegemea duka na mdomo wangu siku hiyo, na cha 1920 kilikuwa 300,000 kwenda juu. Dola ikicheza nazo zinacheza, vyote vinatoka China. Kazi ya kukiweka, mafundi wengi tunatoza 30,000 hadi 50,000, na kama fundi ndiye aliyeuza kioo mara nyingi anakuwekea bure kwa sababu faida ameshaikula kwenye kioo. Kwa hiyo kama chako ni cha kawaida, 450,000 ni nyingi, patana naye, mwambie unajua namba, utaona inavyoshuka. Kama chako ni cha 1920 au cha tachi, basi jamaa hakukuonea sana ukizingatia nauli ya kukileta Busia.

Kutengeneza au kununua? Mi kanuni yangu, na ni yangu tu haijaandikwa popote, matengenezo yote kwa pamoja yasizidi nusu ya bei ambayo ungeuza laptopu ikiwa nzima. Nasema yote kwa pamoja. Watu wanapiga hesabu ya kioo peke yake wanasahau kwamba betri inakaa dakika ishirini, kibodi haina herufi tatu na bawaba moja inalia kama mlango wa kanisa. Yako ulinunua 850,000, tuseme leo ingeuzwa 700,000. Kioo cha 250,000 na ufundi, betri nzima, tengeneza bila kufikiri mara mbili. Laptopu ya mtumba ya 300,000 ukiinunua badala yake utakuwa umenunua matatizo ya mtu mwingine ambayo huyajui, hayo yako angalau unayajua. Lakini kama betri nayo imekufa na bawaba imeng'oka, pumua kwanza.

Na kuna njia ya tatu watu hawaitaki kwa sababu ya aibu: usitengeneze kabisa. Kama laptopu haitoki mezani, nunua monita ya mtumba, zile zinazotolewa maofisini za inchi 19 au 20, mara nyingi inakuja chini ya bei ya kioo kipya, unachomeka na maisha yanaendelea, na macho yako yatakushukuru maana ni kubwa. Mwalimu anayebeba laptopu darasani haimfai, najua, nasema kwa ajili ya mwenye kibanda cha kuchapa. Kaka mmoja pale Wandegeya aling'oa kifuniko chote akabaki na kibodi na monita, mwaka wa pili sasa anachapa tasnifu za wanafunzi wa Makerere.

Kununua wapi. Ukija Kampala, zunguka maduka ya kompyuta ya Wandegeya, ya Kampala Road na zile plaza za upande wa William Street na Luwum Street, usinunue duka la kwanza, uliza matatu manne na ile namba yako mkononi. Usiseme "HP", taja namba. Ukitaja namba muuzaji anabadilika uso, anajua huyu si wa kuchezewa. Mwambie akiunganishe kwenye laptopu palepale kabla hujalipa, maduka yenye akili wanayo laptopu ya kupimia. Fungua picha nyeupe tupu ijaze skrini, halafu nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, tazama kama kuna nukta iliyoganda, tazama kingo kama kuna mwanga unaovuja, tazama madoa meupe ya kubanwa. Dukani wanazo daraja, A na B, ile B inakuwa na nukta moja mbili zilizokufa na bei iko chini. Si mbaya kwa mtu wa marki na barua, ila ujue unachonunua, usiuziwe B kwa bei ya A.

Kuna vioo vya kung'olewa pia, vya laptopu zilizoungua madabodi. Hivyo vinaweza kukuokoa karibu nusu. Mi navipenda kuliko vipya vya daraja la chini, kwa sababu ni vya kiwanda asili, ila kipime vizuri, kisiwe cha manjano, na garantii hapo ni ya mdomo tu.

Kama huwezi kuja, kutuma kwa basi au taksi hadi Busia ni kawaida, ni kama kilomita 200 tu, lakini kioo kisije ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki)! Sema kifungwe katikati ya mbao mbili au maboksi magumu, na kisilaliwe na gunia la mtu. Pesa, usitume yote kwa mobile money kwa mtu uliyemwona mtandaoni, bora ndugu au mwanafunzi wako wa zamani aliye Kampala aende dukani akapime. Na wewe uko mpakani, vuka upande wa Kenya uulize pia, namba ya paneli haijui mpaka, ni vile vile vya China. Piga hesabu ya kubadilisha hela, halafu jiulize kikikataa wiki ijayo utamrudia nani na kwa nauli gani.

Sasa kuhusu kufanya mwenyewe. Unaweza. Mwalimu anayeweza kurekebisha mashine ya kudurufu ya shule katikati ya mitihani hashindwi na hii. Mradi si ya tachi. Kama ni ya tachi kioo na tachi vimegandishwa pamoja, kuvitenganisha ni kazi ya hita na subira, na mara nyingi unanunua vyote kwa pamoja, mpe fundi. MacBook hivyo hivyo, nyingi unabadilisha kifuniko kizima na bei yake ni kilio.

Kitu cha kwanza ni umeme. Zima kabisa, si kulaza, zima. Chomoa chaja. Toa betri. Kama betri iko ndani, fungua skrubu za chini, nyanyua mfuniko, chomoa plagi ya betri kwenye madabodi, halafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi na tano. Hapa sikutanii. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa na haraka, mteja amekaa pale ananitazama, nikaona betri ya nini, nikachomeka waya wa kioo kipya betri ikiwa ndani, plagi ikaingia upande kidogo, ikagusa pini zisizohusika. Hakukuwa na moshi wala mlio. Kioo kilikuwa giza tu, na tochi ikaonyesha picha ya kivuli. Fyuzi ndogo ya taa kwenye madabodi, kadude kadogo kama punje ya sukari, ilikuwa imekatika. Kuitafuta na kuibadilisha kulinichukua siku mbili na nilimtengenezea yule mzee bure huku namwambia "kulikuwa na hitilafu ya ndani". Hitilafu ilikuwa mimi.

Kisha fremu ya plastiki inayozunguka kioo. Laptopu za zamani kidogo zina skrubu mbili nne zimefichwa chini ya vibonye vya mpira kwenye kona, ng'oa vile vibonye kwa sindano. Mpya nyingi hazina, fremu imebanwa kwa meno tu. Anzia katikati ya upande wa juu, ingiza kucha au kadi ya zamani kati ya fremu na kioo, vuta kuja nje, utasikia tak tak tak, hiyo ni sawa, si kuvunjika. Nenda polepole pale chini kwenye bawaba, hapo ndo watu wanapasua fremu. Kwako kioo kimeshapasuka kwa hiyo bandika selotepu pana juu ya ufa kwanza, vile vipande vinaingia kwenye kidole huvioni.

Ukitoa fremu utaona skrubu nne kwenye kona za kioo, zifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota, zipange kwenye kifuniko cha soda. Kama huoni skrubu, kimebandikwa kwa mikanda ya gundi pembeni, shika ncha ya mkanda uivute taratibu kwa urefu kama bazoka, inatoka ndefu ndefu, ukiivuta kwa hasira inakatika mle ndani. Tandika kitambaa juu ya kibodi, laza kioo kifudifudi. Usikivute mbali! Kuna waya umekishika kwa nyuma chini. Toa plasta iliyofunika soketi, kama kuna kibati cha kufungia kinyanyue, vuta plagi sambamba na kioo kwenda chini, si kwenda juu. Na hapo ndo ile stika, piga picha mbili, ya stika nzima na ya soketi kwa karibu. Ukweli ni kwamba hata kama kazi atafanya fundi, ukifika hapa tu umeshaokoa hela. Unaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kioo kibovu na fremu, ukaendelea kutumia tv huku unasaka bei.

Kioo kipya, kichomeke waya kwanza kabla ya skrubu hata moja, hakikisha plagi imezama sawa pande zote, bandika plasta, halafu rudisha betri uwashe huku kimeegemea. Kikiwaka safi, zima, toa betri tena, ndo ufunge skrubu na fremu. Ile nailoni ya kulinda iliyobandikwa juu ya kioo kipya usiitoe mpaka umemaliza kujaribu, maduka mengi ukishaitoa hawapokei tena.

Ukishawishika kupandisha kioo toka 1366 kwenda 1920 kwa vile "umeshafungua tu", ngoja. Pini zote mbili ni 30 lakini waya uliomo mara nyingi umetengenezwa na njia moja ya ishara, na kioo cha 1920 kinataka mbili. Itabidi ununue na waya, na waya wake unautafuta kwa jina la laptopu safari hii, wakati mwingine haupo sokoni. Watu wawili mwaka huu wameniletea kioo kizuri kabisa kisichowaka kwa sababu hiyo.

Na tazama bawaba, hili watu hawaliangalii. Ukifungua kifuniko kwa kidole kimoja na kinakuwa kigumu sana, au plastiki inatoa ufa pembeni, au vile vidude vya shaba vya kushikia skrubu vimeng'oka, kitengeneze hicho kabla ya kuweka kioo kipya. Bawaba iliyokaza inapinda kifuniko kila unapofungua, na kioo kipya kitapasuka bila kalamu, halafu utasema fundi kakuwekea feki.

Ukiamua kumpa fundi, fungua mfuniko wa chini mbele yake au mwambie afungue, piga picha ya RAM (kumbukumbu ya kazi ya laptopu) na hadidiski pamoja na stika zake. Sisemi wote, lakini wapo ambao laptopu inaingia na RAM ya GB 8 inatoka na ya 4, na mwenyewe unakuja kujua mwezi ujao unaposhangaa kwa nini imekuwa nzito. Kubadilisha kioo ni kazi ya nusu saa, akikwambia uiache siku tatu muulize anangoja nini. Kama anangoja kioo toka Kampala, ichukue uende nayo, urudi kikifika, ukae hapo hapo na rolex yako (chapati ya mayai) mkononi mpaka amalize.

Garantii uliza kwa siku, iandikwe kwenye risiti, wiki mbili ni haki. Duka litabandika kastika kao nyuma ya kioo, ukikatoa garantii imekwisha. Na kile kioo kilichopasuka usikitupe wala usimwachie fundi kabla hizo wiki mbili hazijaisha, kifunge kwenye gazeti ukiweke juu ya kabati, kwa sababu kipya kikianza kucheza jambo la kwanza muuzaji atakalouliza ni namba ya kile cha zamani.